Kamera Iliyotazama Geti

Mwalimu alikuwa na swali moja alilowauliza watu wote, wakubwa kwa wadogo: "Umepima?" Ukimwambia maji yamechemka, umepima? Ukimwambia leo kuna baridi kuliko jana, umepima? Baridi ya Mufindi haihitaji kipimo. Inaingia kwenye mifupa mwezi wa sita na haitoki mpaka wa nane. Lakini yeye alikuwa amening'iniza kipimajoto kwenye nguzo ya baraza, na kila asubuhi alikisoma akiwa na kikombe cha chai mkononi, akaandika namba kwenye daftari. Nilimuuliza siku moja daftari lile litamsaidia nani. Akanijibu kwamba halimsaidii mtu, ila halidanganyi.

Alizaliwa wapi, mwaka gani, ukoo wake upi, sitaeleza. Sijui vizuri, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mimi nilimjua akiwa tayari Mwalimu, akitufundisha fizikia kutoka kidato cha kwanza mpaka cha nne, na baada ya kustaafu nilimjua akiwa mzee wa nyumba ya tofali za kuchoma pale Nyololo, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Mbeya. Ninamwandika kwa sababu nilimkosea, na kosa lenyewe ni la somo lake. Angekuwa bado anasahihisha madaftari, angenipa sifuri na ningeistahili.

Alivaa sweta moja la rangi ya udongo, lenye viraka vya viwiko alivyoshona mwenyewe kwa uzi mweupe. Mfukoni kifuani alichomeka kalamu tatu: nyekundu, bluu na moja iliyokwisha wino ambayo hakuitupa. Redio, pasi na pampu za maji za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, na alikuwa mkali kwa vitu vilivyoharibika kuliko kwa watu. Nimemsikia akiligombeza jiko la umeme. Lakini mke wake akimwita kula, aliacha bisibisi palepale ilipo na kuinuka, hata kama alibakiza skrubu moja.

Kuna kitu alikifanya darasani ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mtihani mmoja wa kidato cha tatu alitupa swali la tano ambalo halikuwa na jibu. Alitupa uzito wa jiwe na urefu wa mteremko, akataka mwendo wake likifika chini, wala hakutuambia kama mteremko ni mkali au wa taratibu. Tulihangaika nalo karibu saa nzima. Mimi niliyekuwa kiranja niliandika namba nzuri yenye desimali mbili na kupiga mstari chini yake. Mtu mmoja tu aliandika, "Halina jibu." Huyo alikuwa kijana wake, mtoto wake pekee, aliyesoma darasa moja na mimi. Mwalimu alimpa alama zote, wala hakumpongeza. Sisi wengine alitwambia, "Sikutaka mjue kukokotoa. Nilitaka mjue kusimama mbele ya kitu kilichofungwa na mkubali kwamba kimefungwa."

Ndivyo alivyokuwa. Hakusema jambo, alikuonyesha. Ukichelewa kipindi hakukuuliza ulikuwa wapi. Alifuta ubao wote taratibu mbele yako, ukabaki hujui ulichokosa. Angeweza kuzungumza kuhusu mwanga kwa vipindi viwili bila kumeza mate, lakini maneno madogo yalimshinda. Sijawahi kumsikia akisema "samahani" kwa mtu mdogo kwake. "Pole" aliitoa kwa shida, akikohoa. Mke wake, ambaye wote tulimwita Mama, alizoea kucheka na kusema, "Mzee wangu huyu maneno yake yote aliyamalizia ubaoni."

Basi na siku kijana alipoacha chuo cha ualimu mwaka wa pili ili aende Makongolosi kutafuta dhahabu, Mwalimu hakupiga kelele. Alimsindikiza mpaka getini, Mama akiwa nyuma yao na kanga mdomoni. Kijana alipovuka, Mwalimu alifunga geti, akatia kufuli, akasema sentensi moja: "Hili usije ukalifungua tena." Nayajua maneno hayo kwa sababu Mama alinisimulia mara tatu, na kila mara aliishia kwenye kufuli.

Kijana hakupiga simu. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba yake ya zamani haikupatikana tena. Habari zake zilikuja na madereva wa malori ya mbao yanayokwenda Chunya hadi Makongolosi: yuko, ana ndevu, ana shimo na wenzake wawili, amekonda. Mama alipokea habari hizo na kuziweka. Mwalimu alijifanya hasikii, akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa.

Halafu moyo wa Mama ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kutembea kutoka chumbani mpaka jikoni bila kupumzika njiani. Wiki hiyohiyo daktari alipowaambia kwamba ugonjwa ule ni wa kuishi nao tu, Mwalimu aliondoa kufuli getini. Hakumwambia mtu. Tangu hapo, kila asubuhi alifungua mabawa yote mawili ya geti na kuyawekea mawe ili upepo usiyarudishe, na jioni akayafunga. Mama akaniambia kwa simu, "Mwanangu, geti letu siku hizi linalala kwa kufungwa na kuamka wazi, sijui mzee anamsubiri nani." Alijua. Sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja.

Mtu atasema ningemwambia amwite mtoto wake tu, yangeisha. Nilimwambia, tena si mara moja. Alinijibu, "Siwezi kumwomba mtoto. Lakini anaweza kuona mwenyewe." Hapo ndipo kamera ilipoingia.

Mimi wakati huo nilikuwa na duka la kompyuta Mbeya, nafunga kamera kwenye maduka na nyumba za watu. Mwalimu alinunua kamera ndogo na ruta ya kutumia laini ya simu, akasoma vijitabu vyake vyote viwili, kisha akaniita. Nilipofika alikuwa amechora kila kitu kwenye karatasi ya grafu. Alinieleza kazi yangu kuliko ninavyoweza kuieleza mimi. "Ruta ni mlinzi," alisema. "Mtu akitoka kwenye intaneti anagonga, mlinzi anamfukuza kwa sababu hajaambiwa ampeleke wapi. Sasa sisi tunamwambia mlinzi: akija mtu anaulizia mlango wa namba hii, usimfukuze, mpeleke kwa kamera. Huko ndiko kufungua poti. Si ndiyo, binti?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi fungua."

Kamera tuliifunga chini ya paa la baraza, ikitazama ua na geti. Nilimwambia tuweke neno la siri, maana mtu yeyote duniani mwenye anwani ile ataona ua wake, hata mwizi. Akakataa katakata. "Neno la siri nitampaje? Na mwizi aje aone nini, kiti?" Alitaka kijana akiandika tu anwani, picha ifunguke: geti limeachwa wazi, na Mama amekaa kwenye kiti chake cha mbao uani. Hicho ndicho kitu pekee alichotaka kwenye dunia hii, kijana aone geti Mama akiwa bado hai.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilipoingia nyumbani kwake asubuhi ile bando langu lilikuwa limekwisha njiani. Kwa Mwalimu mgeni alipewa maji ya kunawa, chai ya tangawizi, na tangu aliponunua ruta akaongeza neno la siri la waifai yake, limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi na kuwekwa kwenye kisahani. Kukataa kimojawapo ni kumwambia mwenye nyumba kwamba humtaki. Nikakunywa chai, nikaingiza lile neno kwenye simu yangu, nikasahau.

Tulipomaliza akauliza, "Umepima?"

"Inafunguka, Mwalimu, hii hapa."

"Toka mpaka barabarani ujaribu ukiwa huko."

Nikatoka. Nilivuka geti, nikasimama kando ya lami, lori likapita likanimwagia vumbi. Nikaandika anwani. Picha ikafunguka, nikajiona mwenyewe kwa mbali nimesimama nje ya geti nimeinua simu. Nikapunga mkono. Mama akapunga kutoka kwenye kiti. Nilirudi ndani mbio nikisema, "Imekubali!" Mwalimu akacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu kidato cha pili. Simu yangu muda wote ule ilikuwa imeshikilia waifai ya nyumbani, iliyofika mpaka barabarani na chenji ikabaki. Nilikuwa nimegonga mlango nikiwa sebuleni.

Siku ile Mama aliuliza kama ile kamera inasikia. Nilimwambia haisikii, ni ya bei ndogo, inaona tu. "Basi nitakuwa naongea na bati," alisema. Na kweli alikuwa akiongea nayo. Saa nne kila siku Mwalimu alimshika mkono na kumtoa uani, amevaa kitenge cha njano alichokuwa akikitunza kwa harusi, na alipokaa alianza: tumepanda viazi, jirani amepata mjukuu, umekula? Mwalimu alikuwa akimsahihisha, "Mama, nimekwambia haina sauti." Naye akamjibu, "Wewe pima tu, niache mimi."

Anwani Mwalimu aliiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni kwenye kipande cha karatasi ya grafu. Hakuweka salamu, hakuweka jina. Akampa dereva wa lori la mbao. Baada ya siku chache dereva alirudi akasema amempa kijana mkononi, naye ameikunja na kuitia mfukoni.

Miezi ikapita. Nilirudi kwenye shughuli zangu Mbeya na sikuifungua ile anwani hata mara moja, maana niliamini inafanya kazi. Asubuhi moja mteja dukani aliniuliza kamera ya nyumbani inavyoonekana ukiwa mbali, nikataka kumwonyesha ua wa Mwalimu. Nikaandika. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba haipatikani. Nikajaribu kwa simu ya mteja. Kwa kompyuta. Kabla hajaondoka nilikuwa nimeelewa. Kampuni ya simu haikuipa ruta ya Mwalimu anwani yake peke yake. Ilikuwa imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, wapangaji wa nyumba moja wenye geti moja la mbele, na ufunguo wa geti hilo haukuwa kwa Mwalimu wala kwangu. Mlango tulioufungua ulikuwa wa chumbani. Hakuna mtu wa mbali aliyewahi kuuona ule ua, hata siku moja.

Ningempigia saa ileile. Sikumpigia. Nilijiambia jambo kama hili haliongelewi kwenye simu, nitakwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikapata kazi Tukuyu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Akilini nilikuwa nikimwona Mama anatolewa kila saa nne, kitenge cha njano, anaongea na bati, na sikuwa na mdomo wa kumwambia kwamba muda wote huo hakuna aliyemwona. Mama alifariki kabla sijaenda. Kwenye mazishi nilipika, nikaosha vyombo, nikalia kuliko ndugu zake, na watu wakasema huyu binti alimpenda. Mwalimu alisimama kaburini na sweta lake. Kijana hakuwepo. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani, Mwalimu aligeuza shingo.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa Makongolosi kufunga kamera kwenye duka la vifaa vya wachimbaji. Nilikuwa juu ya ngazi nikasikia mtu ananiita chini, "Kiranja!" Niligeuka nikamtambua kwa macho tu. Ndevu zilikuwa zimejaa vumbi jekundu.

Tulikaa kwa mama ntilie tukaagiza ugali na maharage, na hakuna aliyekula. Alianza mwenyewe. Habari za Mama alizipata wiki moja baada ya mazishi, kwa dereva. Akapanda basi. "Nilifika Nyololo," alisema. "Nikaona geti liko wazi kabisa, mabawa yote. Nikasema bado watu wanaingia msibani. Sikushuka. Ningeingia vipi mbele za watu, mtu niliyefukuzwa? Nikaenda na basi mpaka Iringa, nikalala stendi, nikarudi."

Kwetu nyumba yenye msiba haifungi geti, kila mtu anajua hivyo. Nilimwuliza kama alipata ile karatasi.

Alicheka kwa pua. "Ya grafu? Nilipata. Mwandiko wake si naujua. Nilifungua siku ileile, ikazunguka weee, ikagoma. Kesho yake nikajaribu tena. Nimejaribu sana, Kiranja, mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Halafu nikakumbuka swali la tano. Nikasema, mzee hajabadilika. Ameniletea mlango usiofunguka ili nijue haufunguki. Nimekuelewa, Mwalimu, halina jibu."

Nilimwambia yote. Poti, waifai, barabarani, karatasi ya kwenye kisahani. Nilimwambia kwamba kosa ni langu na si la baba yake, na kwamba geti lile liko wazi kila siku kwa ajili yake. Alinisikiliza akikata tonge vipande vidogovidogo bila kula. Mwisho akauliza kitu kimoja.

"Mama alikuwa amevaa nini?"

"Kitenge cha njano."

Aliinama. Nilitaka kumshika bega nikaona sina haki hiyo. Nilipomwomba arudi nyumbani alisema, "Kwa nani? Mzee akinitaka, jina langu analijua, alinipa yeye." Lakini aliniandikia namba yake.

Nilikwenda Nyololo Jumamosi iliyofuata, nikiwa na laini ya aina nyingine, ya biashara, yenye anwani yake peke yake. Mwalimu alikuwa barazani. Kipimajoto kilikuwepo, daftari lilikuwepo, kiti cha Mama kilikuwa uani mahali pake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, binti." Akaingia ndani kuniletea chai, na kwenye kisahani kile kipande cha karatasi.

Sikukigusa. Nilimwonyesha simu yangu, nikazima waifai mbele ya macho yake, nikaandika anwani. Ikazunguka. Tukaitazama pamoja mpaka ilipoandika haipatikani. Kisha nikamwambia yote, na ya basi lililopita, na ya swali la tano. Sikuacha kitu. Nilipomaliza nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikasema nisamehe.

Alitoa ile kalamu isiyo na wino, akaifungua, akaifunga. Alipoongea hakunitazama mimi.

"Nilikuuliza kama umepima," alisema. "Mimi mwenyewe sikupima."

Nikampa karatasi yenye namba ya kijana, nikamsogezea simu yangu. "Mpigie, Mwalimu. Sasa hivi. Neno moja tu linatosha." Aliisoma namba yote mpaka mwisho, midomo ikitembea. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu.

"Kwanza tufungue poti," alisema.

Nilimsihi. Nilifika mahali nikampandishia sauti, mimi, mbele ya Mwalimu. Hakukasirika. Alinisogezea kiti kidogo karibu na ruta, akanishikia tochi ili nione. Nikaweka ile laini mpya, nikafungua poti upya. Safari hii ilinichukua chini ya saa moja, na nilipomaliza alisema tu, "Nenda ukapime," nikaelewa kwamba niondoke.

Nilitembea kando ya lami mpaka kituo cha basi, mbali, mahali ambapo waifai yake haiwezi kufika hata kwa muujiza. Nikaandika anwani. Ikafunguka mara moja. Geti wazi, mabawa yote mawili, mawe mahali pake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya sweta, mikono ipo magotini, uso ameuelekeza juu kwenye kamera, na alikuwa anaongea. Mtu aliyejua kuliko sisi wote kwamba kile kitu hakisikii, alikuwa anaongea. Alitua kidogo, akafuta macho kwa kiwiko chenye kiraka, akaendelea.

Nilimtumia kijana ile anwani mpya. Haikupita muda ujumbe ukarudi.

"Imefunguka. Namwona. Kiranja, anasema nini?"

Nikamwandikia kwamba kamera haina sauti, na kwamba namba yake baba yake anayo mfukoni, lakini yeye kijana ndiye ampigie baba. Ujumbe ukaonyesha kwamba umesomwa. Nilisubiri jibu nikaacha basi la kwanza, nikaacha la pili. Kwenye picha Mwalimu alikuwa bado anaongea.